Makabidhiano ya Ua Namba 213

Shangazi yangu alitumikia ofisi moja kwa miaka thelathini na mmoja, na siku ya kuondoka wakamzuia kwa sababu ya ua. Si gari, si kompyuta, si muhuri. Ua. Mimi nilikuwepo, meza yangu ya mapokezi ilikuwa hatua sita kutoka kwenye ua lenyewe, na hasira ya siku zile sijaimaliza mpaka leo. Sehemu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe, lakini hilo tutalifikia.

Ofisi yetu ilikuwa ya mizani na vipimo. Wenye maduka walileta mizani zao na mawe yao ya kupimia, sisi tukahakikisha kwamba kilo ni kilo, tukagonga muhuri, wakaenda zao. Kazi ya namna hiyo inamharibu mtu polepole. Karani mmoja alipofiwa na paka aliandika barua ya kuomba ruhusa, na ndani ya barua akataja uzito wa marehemu. Hakuna aliyecheka. Mkuu wa ofisi aliuliza tu kama alipimwa kabla ya kula au baada.

Shangazi alikuwa mhudumu. Alifagia, alipiga deki, alifuta vumbi kwenye mizani, na saa nne kamili alipita na birika la bati la lita sita akimimina chai. Kwa ajili ya birika hilo ofisi nzima ilimwita Mama Birika. Hata mimi nikiwa kazini nilimwita hivyo, kwa sababu kazi niliipata kwa mlango wake na hakutaka watu waseme. Nikijisahau nikamwita Shangazi mbele za watu, alinikata jicho mpaka nikatafuta faili la kujifichia.

Alikuwa na dada mmoja tu, Shangazi Mkubwa, aliyekaa peke yake safari ya siku mbili kwa basi, kwenye nyumba yenye uwanja uliojaa maua. Wawili hao walikuwa wameahidiana tangu ujana kwamba uzee wataumalizia pamoja. Mwaka mmoja Shangazi Mkubwa alituma bahasha yenye mbegu nyeusi, nyembamba, zilizopinda kidogo kama kucha zilizokatwa, na maelezo kwa mwandiko wake mkubwa wa kuparura.

"Hizi ni kosmosi," aliandika. "Tafuta udongo mbaya. Usitie mbolea. Chomeka juu juu, mwagia maji, weka juani, halafu endelea na shughuli zako. Ukiona limefika shubiri mbili likate kichwa, lipate matawi. Ua likinyauka likate, litatoa jingine. Hili ua halitaki kubembelezwa. Linataka kupuuzwa na mtu mwenye adabu."

Shangazi alichukua kopo tupu la rangi kutoka stoo, akalitoboa chini, akajaza udongo wa nyuma ya choo, ambao ubaya wake haukuwa na mpinzani, akaliweka dirishani kwenye ukumbi. Wiki ya kumi likafunguka ua moja, rangi ya waridi, petali nane, katikati njano. Watu walisimama kulitazama. Wenye mizani mikononi walisimama pia. Ilikuwa asubuhi nzuri sana, na kwa bahati mbaya ndiyo ilikuwa asubuhi ya kuhesabu mali za ofisi.

Mtunza stoo wetu alikuwa bado mgeni. Tulimwita Kibandiko, kwa sababu alizunguka na karatasi za gundi zenye namba akibandika kila kitu kilichokaa kimya zaidi ya dakika mbili. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiye na ubaya na mtu, na watu wa namna hiyo ndio wanaotumaliza. Aliambiwa kila kitu kilichomo ndani ya kuta kipate namba. Basi kopo likapata namba 212. Kisha akalitazama ua, akatoa rula.

"Bwana Kibandiko," nikamwambia, "hilo ni ua."

"Naona. Ndiyo maana siliandiki kiti."

Akalifunga shinani kikaratasi kwa uzi, taratibu, kwa mapenzi kabisa, akaandika daftarini: *Namba 213. Ua, moja. Rangi: waridi. Petali: nane. Urefu: sentimita 71. Hali: nzuri. Mwenye dhamana: Mama Birika.* Mkuu akatia sahihi bila kusoma. Daftari likafungwa kwa nta na kupelekwa makao makuu, na kilichofungwa kwa nta hakifutwi mpaka waje wataalamu watatu waseme kimeharibikaje na nani alikiharibu.

Siku ya tisa ua likapukutika.

Shangazi alilikuta asubuhi, petali nane sakafuni. Aliziokota zote, akazifunga kwenye leso, akanifuata mapokezi huku ananong'ona kama mtu aliyeua. Mimi nikamwambia atulie, si kuna kitumba kingine pale? Kesho yake kikafunguka. Akahamisha kikaratasi kutoka tawi moja kwenda jingine, na kwa mujibu wa daftari hakuna kilichotokea.

Keshokutwa yake yakafunguka mengine matatu.

"Mama Birika," akasema Kibandiko akiwa na rula mkononi, "hapa kuna ziada."

"Ziada ya nini, baba?"

"Daftari linasema moja. Haya ni manne. Ziada ni mbaya kuliko upungufu. Ukipungukiwa umeibiwa. Ukizidi, umeiba wewe."

Akampa fomu ya ziada. Shangazi aliijaza usiku huo huo nyumbani, ulimi nje. Palipouliza chanzo cha mali akaandika: ardhi. Palipouliza aliyeidhinisha akaandika: Mungu. Kibandiko aliirudisha kwa heshima zote akisema aliyeidhinisha hajatia sahihi.

Tangu hapo Shangazi akaanza kukata. Kila asubuhi, kabla Kibandiko hajaingia, alikata maua yote na kubakiza moja. Sasa kosmosi, kama Shangazi Mkubwa alivyoandika, ukilikata linatoa jingine. Ukikata mawili linatoa manne. Ni ua lisiloelewa nia ya mtu. Alikata matano Jumatatu, tisa Jumatano, na Ijumaa moja nilihesabu mwenyewe ishirini na mawili, na Shangazi amesimama katikati na mkasi, anataka kulia.

Na hayo yaliyokatwa yaende wapi? Langoni alikaa mlinzi, na mali ya ofisi haikutoka bila kibali. Mara ya kwanza Shangazi alijaribu kupita na shada mkononi, mlinzi akaliweka mezani, akaomba karatasi yake. Basi akawa anayatoa ndani ya birika. Mama aliyefagia ofisi ile tangu mlinzi hajazaliwa alipita langoni kila jioni amebeba birika lililojaa maua, anasalimia. Nyumbani kwetu tuliishi kama kwenye harusi isiyokwisha. Maua kwenye vikombe, maua kwenye ndoo, maua kwenye kiatu changu kimoja.

Siku alipokuja mkaguzi kutoka makao makuu, Shangazi alichelewa kidogo kulisuuza birika. Alimmiminia chai, na pamoja na chai zikashuka petali mbili za waridi zikaelea.

Mkaguzi akatazama kikombe. "Chai hii ina petali."

Kibandiko akafungua daftari.

"Ngapi?" akauliza.

Shangazi alisema ndiyo mapishi ya ofisi hiyo tangu zamani. Mkaguzi akanywa, akasema ina ladha ya pekee, akaomba kikombe cha pili. Alipofika dirishani akalikuta ua moja, waridi, petali nane, sentimita sabini na moja kama daftari lilivyosema, kwa sababu Shangazi alikuwa ameliinulia kopo kwa kipande cha tofali. Akaliwekea alama ya vema. Ndivyo tulivyoishi miaka minne. Kila mwaka mmea ulikauka kama ilivyo kawaida yake, Shangazi alipanda mbegu nyingine kutoka chupa aliyoihifadhi nyumbani na kuhamisha kikaratasi, na daftari likaendelea kuandika kuwa ni ua lile lile. Mkuu aliwahi kulisifu kikaoni, akisema viti vya ofisi havidumu mwaka lakini tazameni ua, kwa sababu tu lina mwenye dhamana.

Mwaka wa nne Shangazi alifikisha umri wa kustaafu, na hapo ndipo mzaha ulipokwisha. Shangazi Mkubwa alipiga simu.

"Jicho la kushoto limefunga kazi," akasema. "La kulia linaona mpaka mlangoni. Njoo kabla halijafunga na lenyewe. Nataka nikuone uso, na nataka tupande maua niyaone mara moja zaidi. Mwaka huu sikupanda, sioni ninapochomeka."

"Mwezi wa sita nipo hapo," Shangazi akamjibu. "Hata wakinifunga kamba."

Sasa nije kwenye langu. Nilitaka kumsaidia. Niliona mmea wa mwaka ule umezorota, majani membamba, udongo umepasuka, na zimebaki wiki nane tu kabla ya makabidhiano. Nikajiambia huyu mama ameteseka vya kutosha, mwache apeleke ua lenye afya. Jirani yetu alifuga kuku. Nikaomba ndoo ya mbolea, nikawahi ofisini alfajiri, nikaishindilia yote kwenye kopo namba 212. Maelezo ya Shangazi Mkubwa nilikuwa nimeyasoma. Nilidhani anatia chumvi.

Mmea uliitikia kama mtu aliyealikwa karamu. Ukapanda. Ukafika mita moja, ukafika mita na arobaini, majani yakasongamana kijani mpaka ukumbi ukaingia giza na watu wakawa wanakosea mlango wa mhasibu. Ulikuwa na afya ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe. Na haukutoa hata kitumba kimoja.

Shangazi alinusa udongo mara moja tu. "Umelilisha nini?"

Nikakiri. Angenizaba kofi ningefurahi. Aliketi kwenye ndoo yake ya deki, akashika tama, akasema kwa sauti ndogo, "Ua likishiba halichanui, mwanangu. Si dada aliandika?"

Siku ya kustaafu ilifika. Alijichemshia mwenyewe chai ya kumuaga. Mkuu akazungumza, watu wakapiga makofi, akakabidhi mafagio, ndoo na birika. Kisha Kibandiko akasimama mbele ya lile pori la dirishani na fomu yake.

"Namba 213 silioni."

"Ndilo hilo. Halijachanua tu."

"Mama yangu, mimi nilisajili ua. Hili ni jani."

Nilikuja juu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yeye akasikiliza yote kwa upole, akasema anaelewa uchungu wangu, lakini barua ya kumruhusu mama haitoki mpaka kila namba iwe mahali pake. Shangazi alinishika mkono kunirudisha nyuma. Akaung'oa mmea, akamwaga udongo wangu wa mbolea nje, akachota mwingine nyuma ya choo, akapanda upya. Wiki kumi. Mwezi wa sita ulipita akiwa anafagia ofisi ambayo ilishamuaga.

Simu zikaendelea. Wiki ya tatu Shangazi Mkubwa alisema, "Naona mpaka mezani." Wiki ya saba akasema, "Naona mpaka mkononi, nikiusogeza." Hakulaumu mtu. Alikuwa anatoa taarifa tu, na mimi kila simu ikilia nilikwenda kukaa uani.

Wiki ya kumi ua likafunguka. Waridi, petali nane, tofali chini yake, sentimita sabini na moja kamili. Tukakimbia nalo kwa mhudumu mpya. Huyu alishatia sahihi birika, mafagio na ndoo bila neno. Alipofika namba 213 akauliza ni nini, akaelezwa historia yake yote, akaweka kalamu mezani.

"Hapana, dada zangu," akasema. "Mimi nina watoto wananitegemea."

Kibandiko naye hakuweza kulipokea. "Stoo haina dirisha," akasema. "Litakufa mikononi mwangu, nami sitaondoka hapa mpaka kiyama." Alisema hivyo na nikaona kwamba anaogopa kweli. Daftari lile lilimtisha yeye kuliko lilivyotutisha sisi. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, ya dakika moja hivi.

Shangazi alichukua fagio la mtu mwingine akaenda kufagia stoo, jambo alilolifanya kila akitaka kufikiri. Kule ndani, juu ya rafu, palikuwa na sanduku limebandikwa namba 88. Alilifuta vumbi, akalitazama kwa muda mrefu.

"Bwana Kibandiko, humu mna nini?"

"Baiskeli ya tarishi. Imefunguliwa. Vipande thelathini na vinane."

"Inatembea?"

"Itatembeaje? Nimekwambia imefunguliwa."

"Lakini ipo?"

"Ipo kamili. Mtu akitaka ataiunganisha."

Shangazi akaweka fagio chini. Kesho yake alikuja na kibahasha alichokitoa kwenye chupa ya mbegu nyumbani, akakiweka mbele ya Kibandiko kwa mikono miwili.

"Namba 213," akasema. "Nimelifungua. Vipande sitini na vinne."

Nilidhani atamfukuza. Kibandiko alikiangalia kibahasha, akamwangalia Shangazi, akavuta mizani ya sonara, ile inayopima mpaka punje ya mchanga. Akamwaga mbegu kwenye karatasi nyeupe, akaanza kuzihesabu kwa kibanio, moja moja, midomo inacheza. Ofisi nzima ikaja kusimama mlangoni. Mwenye duka mmoja aliyeleta mizani yake alivua kofia.

"Sitini na tatu," akasema.

Shangazi alishika meza. Kibandiko akahesabu tena. Sitini na tatu. Sikuweza kuvumilia, nikamzunguka, na nikaiona ile ya sitini na nne imenata kwenye kiwiko chake kilichojaa jasho. Nikaibandua kwa kidole, nikaiweka kwenye karatasi. Hiyo ndiyo huduma pekee ya maana niliyoifanya katika habari hii yote.

Kibandiko akapima, akaandika: *Ua, moja. Limefunguliwa. Vipande 64. Kamili. Laweza kuunganishwa upya.* Akatia sahihi. Akagonga muhuri ule ule tunaowagongea wenye kilo zilizo kilo. Kisha akainama karibu na Shangazi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, linaunganishwaje?"

"Udongo mbaya, jua, maji kidogo. Halafu uendelee na shughuli zako."

"Na yakiwa mengi?"

Shangazi alimtazama yule mwanamume mwembamba na rula yake mfukoni. "Ulizia nafasi ya kustaafu," akasema.

Ua lililobaki dirishani alilikata, akapita nalo langoni ndani ya birika, kwa mazoea tu, ingawa sasa birika lilikuwa la mtu mwingine na ilibidi nilirudishe mimi.

Nilimsindikiza siku zote mbili za basi. Shangazi Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini, uso umeelekea barabarani. Hakutuona tukija. Shangazi alipiga magoti mbele yake, na Shangazi Mkubwa akamshika mashavu, akamvuta karibu, karibu kabisa, mpaka pua zikagusana.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Basi nimekuona." Wakacheka, wakalia, wakaanza kugombana kuhusu nani aingize mizigo.

Jioni hiyo hiyo walipanda mbegu zote zilizosalia kwenye chupa, uwanja mzima, Shangazi akichomeka na Shangazi Mkubwa akifukia kwa vidole. Mimi nikarudi kazini. Nilipopata likizo nikaenda tena, na nikafika maua yameshafunguka kutoka ukutani mpaka njiani, ya waridi, meupe, mekundu yaliyokolea, yanainama na kuinuka kila upepo ukipita. Jicho la kulia lilikuwa limefunga kazi wiki ya sita tangu siku ya kupanda. Hesabu hiyo naifanya kila siku, sihitaji mizani. Kama si ndoo yangu ya mbolea, uwanja huu ungechanua mbele ya jicho lililokuwa bado linaona mpaka mkononi. Nilimwambia Shangazi Mkubwa ukweli wote, nikamwomba msamaha. Akasema, "Niliandika usitie mbolea," akanipa viazi nimenye.

Baadaye aliomba aletewe ua. Shangazi alikata moja, akamwekea kiganjani. Shangazi Mkubwa akalipapasa kwa ncha za vidole, petali moja baada ya nyingine, midomo inacheza kama Kibandiko.

"Sita, saba, nane," akasema. "Ni lenyewe. Yamechanua mangapi?"

Nilimgeukia Shangazi. Miaka minne, kila asubuhi ya kazi, alikuwa na jibu la swali hilo, na jibu liliposhindwa kuwa moja alichukua mkasi. Alisimama katikati ya uwanja na khanga yake kiunoni, akayatazama mpaka ukutani, na hakuinua hata kidole.

"Sijui, dada," akasema. "Sijahesabu."